Moto ulianzia kwenye karai langu, lakini naambiwa niandike ni umeme

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 41, nimeolewa na nina watoto watatu. Tunaishi Morogoro katika nyumba yetu wenyewe, ambayo tuliijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa, kisha nikachukua mkopo wa shilingi milioni 40 benki ili tumalizie paa, dari na sakafu. Mkopo uko kwa jina langu kwa sababu mimi ndiye mwajiriwa, na marejesho hukatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi. Benki ilitaka nyumba ikatiwe bima ya moto, nasi tukakubali bila kuuliza mengi. Karatasi ya bima niliitia saini siku moja pamoja na karatasi nyingine nyingi, na hati yenyewe niliiweka kabatini bila kuisoma.

Jumamosi, siku kumi na moja zilizopita, saa kumi alasiri, nilikuwa nakaanga sambusa. Huwa nawauzia walimu wenzangu na majirani, kama sambusa 60 kwa siku, nazo ndizo hununua sukari na madaftari ya watoto baada ya makato ya mkopo. Karai lilikuwa kwenye jiko la gesi na mafuta yalishapata moto. Simu ikaita. Alikuwa dada yangu wa Iringa akinipa habari za ugonjwa wa mama, na kwa kuwa ndani mtandao husumbua, nikatoka hadi chini ya mwembe. Nilijua jiko linawaka. Nilijiambia ni dakika moja. Niliporudi, moto ulikuwa umepanda juu ya karai na kushika pazia la dirisha, nami kwa kuchanganyikiwa nikachota ndoo ya maji nikaumwagia. Ukaruka hadi darini kwa mlio ambao bado nausikia nikifumba macho. Mkono wangu wa kulia uliungua kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Majirani walileta mchanga, na gari la zimamoto likafika, lakini jiko, stoo na nusu ya paa la sebule, kenchi na mabati yake, vilikuwa vimekwisha. Hakuna aliyepoteza maisha, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapoamka.

Mume wangu alimpigia simu wakala aliyetuandikia bima. Wakala akamwambia kwamba tukisema tuliacha mafuta jikoni, huo ni uzembe na uzembe haulipwi, hivyo tuandike hitilafu ya umeme. Tena siku ile ile ya moto, nilipokuwa hospitali nikifungwa mkono, askari wa zimamoto walimuuliza mume wangu chanzo, naye akajibu kwamba hatujui, labda ni umeme. Nyaya za nyumba zilitandazwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi umeme. Mume wangu anasema amekwisha kuzungumza naye na hana neno.

Mama, mume wangu si mtu mbaya. Tangu moto utokee analala kwenye kile kipande cha sebule kilichobaki, chini ya turubai, akilinda vitu vyetu, na mimi na watoto tumehifadhiwa kwa jirani. Fundi amekadiria matengenezo kuwa shilingi milioni 18, fedha ambazo hatuna. Fomu ya madai iko mezani na mahali pa saini ni pangu.

Juzi usiku mwanangu mkubwa, mwenye miaka 12, ambaye alikuwa uani na aliona kila kitu, aliniuliza: "Mama, wakija watu wa bima, mimi niseme nini?" Sikuwa na jibu. Nikiandika kweli, naona nitakuwa nimeichoma nyumba hii mara ya pili. Nikiandika uongo, sijui nitamtazamaje mtoto huyu. Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Morogoro

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya mkono na pole ya nyumba. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema utakuwa umeichoma nyumba mara ya pili. Mtu anayeandika hivyo tayari amejihukumu, na aliyekwisha kujihukumu huamini upesi kila anayemwambia kwamba hastahili kulipwa.

Nikikuelewa vyema, unadhani una njia mbili: kusema kweli na kukosa fedha, au kusema uongo na kuzipata. Njia hizo zote mbili zimesimama juu ya neno la wakala kwamba uzembe haulipwi. Naomba tulitazame neno hilo kabla ya jingine lolote, kwa sababu, kwa ninavyoifahamu bima ya moto, si kweli kwa namna alivyolisema.

Fikiri mwenyewe moto wa majumbani hutokana na nini. Ni pasi iliyosahauliwa, mshumaa ulioachwa ukiwaka mtu akalala, jiko la mkaa lililoachwa karibu na pazia, mafuta yaliyozidi moto. Karibu kila mara yupo mtu aliyesahau au aliyekosea. Kama bima ingelipa tu pale ambapo hakuna aliyekosea, watu wangekuwa wanalipa ada kwa ajili ya radi na mambo machache mengine. Mahakama za Uingereza, ambazo sheria zake ziliingizwa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920 na ambazo majaji wetu bado huzitazama, ziliamua jambo hili zamani. Mwaka 1837, katika kesi ya Shaw na Robberds, kampuni ilikataa kulipa kwa hoja ya uzembe, na mahakama ikasema kwamba uzembe ni miongoni mwa mambo ambayo watu hukatia bima. Mwaka 1941 ikaja kesi ya Harris na Poland. Mwanamke aliogopa wezi, akaficha vito na noti zake mahali pa kuwashia moto nyumbani mwake, chini ya makaa, kisha akasahau na kuuwasha moto ule kwa mkono wake mwenyewe. Mahakama ilisema alipwe. Hakukusudia kuviunguza, na hilo ndilo lililotazamwa.

Kinachoondoa haki ya kulipwa ni kukusudia, yaani mtu kuichoma nyumba yake au kuagiza ichomwe. Lipo pia sharti linaloandikwa katika mikataba mingi kwamba mwenye bima achukue tahadhari za kawaida, na huenda hilo ndilo wakala aliloliita uzembe. Sharti hilo husomwa kuwa linamlenga mtu aliyeiona hatari waziwazi akaidharau. Wewe umeniandikia: "Nilijua jiko linawaka. Nilijiambia ni dakika moja." Mkadiria hasara, yaani mtu anayetumwa na kampuni kuuchunguza moto na hasara yake, anaweza kukuuliza juu ya dakika hiyo, nami siwezi kukuahidi ataipimaje. Lakini mtu anayetoka kupokea habari za mama yake mgonjwa akidhani atarudi mara moja yuko mbali sana na mtu anayeona nyumba inakaribia kuungua na kusema na iungue. Hata ile ndoo ya maji, ambayo naona inakuuma kuliko karai lenyewe, ilikuwa jitihada ya kuzima. Watu wengi hawajui kwamba maji yakikutana na mafuta yenye moto hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha hewani yakiwaka, na kwamba ilitakiwa kuzima gesi na kulifunika karai. Hukuzaliwa ukilijua hilo.

Sasa tuutazame ule umeme. Nafahamu kwa nini unamvutia mume wako, maana hitilafu ya umeme imekuwa jibu la kila moto katika nchi yetu, na husikika kama jambo lisilo na mwenyewe. Kwako lina mwenyewe. Nyaya zile zilitandazwa na shemeji yako. Kampuni ya bima ikishalipa hasara huwa na haki ya kusimama mahali pako na kumdai yule aliyeisababisha, na ikiambiwa ni umeme itataka kujua ni nani aliyeweka nyaya, kwa leseni gani na kwa vifaa gani. Shemeji amesema hana neno, lakini sina hakika kama ameelezwa kwamba jina lake ndilo litakaloandikwa, na kwamba riziki yake inategemea watu kuziamini kazi za mikono yake.

Pia usifikiri mkadiria hasara anakuja kusikiliza tu. Anakuja kutazama. Ataona mahali ambapo ukuta umeungua zaidi, ataona moshi ulivyopanda, ataliona karai na jiko, ataifungua swichi kuu na kuzitazama nyaya. Atazungumza na majirani walioleta mchanga, na wengi wao waliliona karai. Mikataba ya bima kwa kawaida huandika kwamba madai yenye udanganyifu hupoteza haki yote ya kulipwa, si sehemu yake tu. Kwa haki niseme kwamba mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimwonea huruma mwenye bima aliyesema uongo wa pembeni katika madai ambayo yalikuwa halali hata bila uongo huo, ikaamuru alipwe. Lakini hukumu ile haizibani mahakama za Tanzania, na maneno ya mkataba wako yanaweza kuwa makali zaidi. Tena kutoa maelezo ya uongo ili kujipatia fedha kunaweza kukupeleka mbele ya sheria ya jinai, na saini ni yako peke yako, mwalimu mwenye ajira ya kulinda. Hapo naona jambo la kusikitisha: huenda madai yako ni halali kabisa, na kitu pekee cha kuyaharibu kikawa ule uongo uliobuniwa ili kuyaokoa.

Hata hivyo sitaki uondoke hapa ukidhani kusema kweli hakuna hatari. Hatari iko kwenye sambusa. Bima yako huenda iliandikwa kwamba nyumba ni ya makazi tu, nawe umekuwa ukipika humo kwa ajili ya kuuza. Katika ile kesi ya mwaka 1837, mwenye bima alikuwa na tanuri la kukaushia nafaka, akamruhusu mtu kukaushia humo magome ya miti mara moja, bila malipo, na moto ukatokea. Mahakama ilisema tendo la mara moja halikubadili matumizi ya jengo. Wewe unakaanga sambusa 60 kila siku, kwa hiyo kesi hiyo inakusaidia nusu tu. Unaweza kujibu kwamba jiko ni lile lile la familia, karai ni lile lile na gesi ni ile ile, kwamba hakuna duka wala mfanyakazi, na kwamba mwanamke anayekaangia watu watano na anayekaangia walimu kumi na tano hawatofautiani sana kwa hatari. Kampuni inaweza kukubali, au ikapunguza malipo, au ikakataa. Tafuta kwanza ile fomu ya maombi uliyoitia saini benki uone uliulizwa nini na ulijibu nini, au wakala alijibu nini kwa niaba yako, kwa maana mawakala wengine huzijaza fomu wenyewe na kumwachia mteja mahali pa saini tu.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni ile milioni 40 ya mkopo. Hukutaja kiasi cha bima, lakini huenda ilikatwa sawasawa na mkopo, wakati nyumba ya miaka tisa ya jasho huenda ikagharimu zaidi kuijenga upya. Mikataba mingi ya moto ina sharti la uwiano. Tuseme nyumba nzima ingejengwa upya kwa shilingi milioni 80 nawe umeikatia bima ya milioni 40. Kampuni itasema umekatia bima nusu ya nyumba, hivyo itabeba nusu ya hasara, na milioni 18 za fundi zitakuwa milioni 9, kabla ya kuondoa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe. Vilevile bima zinazodaiwa na benki mara nyingi hukinga jengo tu, bila vyombo, na benki huandikwa kuwa ya kwanza kupokea fedha. Nakueleza haya mapema ili, zikija kidogo kuliko mlivyotarajia, mume wako asiseme kwamba ni ukweli wako uliozipunguza. Sharti la uwiano hukata vilevile, chanzo kiwe karai au waya.

Umetaja pia siku kumi na moja, na hapa ningekuomba usikawie. Kutoa taarifa ya hasara ni jambo moja na kujaza fomu ya madai ni jambo jingine. Mikataba hutaka taarifa itolewe mapema, mara nyingi kwa maandishi, na simu ya mumeo kwa wakala huenda isihesabiwe. Unaweza leo hii kuiandikia kampuni yenyewe na benki barua fupi: moto ulitokea nyumbani siku fulani, ulianzia jikoni, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lilifika, maelezo kamili yatafuata. Kila neno hapo ni kweli, na halikulazimishi kumaliza mazungumzo na mumeo usiku wa leo. Usitupe karai wala mabaki, piga picha kabla fundi hajagusa kitu, na hifadhi risiti. Ile "labda ni umeme" aliyoisema mumeo kwa askari wa zimamoto bado inarekebishika, kwa sababu alisema labda, akiwa ametoka kuona mkewe akipelekwa hospitali. Unaweza kwenda kuwaeleza kwamba wewe ndiye uliyekuwepo na hukuulizwa.

Huenda pia umefikiria kutodai chochote, kubeba aibu na hasara pamoja na kuendelea na makato. Wapo wanaochagua hivyo, nami siwalaumu. Pima tu kwamba masharti ya mikopo ya nyumba kwa kawaida hutaka benki ijulishwe, na kwamba mvua za masika hazitasubiri milioni 18 zipatikane kwa sambusa.

Ikitokea ukasema kweli na kampuni ikakataa kwa hoja ya uzembe, huo hautakuwa mwisho wa safari. Omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ndiyo inayosimamia kampuni hizi na mawakala wao, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kazi yake ni kusikiliza watu waliokwama kama wewe. Huyo wakala naye, anayewafundisha wateja kuandika uongo, TIRA ingependa kusikia habari zake.

Kuhusu mume wako, nakuamini unaposema si mtu mbaya. Mtu anayelala chini ya turubai akilinda masufuria ya watoto wake anaogopa, na wakala alimpa kitu cha kushika wakati mikono yake ilikuwa mitupu. Najiuliza kama umewahi kumwambia vile ulivyoniambia mimi, kuhusu mwembe, simu ya dada yako na ile ndoo. Huenda anadhani kwamba kwa kuandika umeme anakufichia aibu yako, nawe unadhani anakulazimisha. Ichukueni ile hati kabatini, ketini pamoja mchana, pasipo shemeji wala majirani, msome kwa sauti sehemu inayoeleza mambo yasiyolipwa. Mkikuta humo neno linalofanana na alilosema wakala, linakili neno kwa neno uniletee, tulisome pamoja.

Naye mwanao mkubwa, usimwache na lile swali hadi fomu ijazwe. Mwambie usiku huu kwamba kuongea na watu wa bima ni kazi yako na ya baba yake, na kwamba yeye hatakiwi kukariri neno lolote. Kisha umruhusu akusimulie alichokiona pale uani. Alikuwa peke yake alipoona moto ukiruka na mama yake yuko ndani, na katika barua yako sikuona mahali ambapo mtu amemuuliza juu ya hilo.